Maswali ya wasomaji: Mwanamke akitaka kugombea, aanzie wapi?

Toleo lililopita niliandika hapa kwamba wanawake wengi hatushindwi kwenye sanduku la kura, tunashindwa mapema sana, kule ambako majina yanapangwa, watu 6 au 7 wamekaa kwenye chumba wanaamua nani apewe tiketi ya chama na nani aambiwe asubiri. Jamani barua zimekuja! Nyingine za kuunga mkono, nyingine za kunigombeza, na zote nimezisoma. Kwa wasionijua, mimi nilikuwa diwani vipindi viwili, kwahiyo ninayosema hapa mengi nimeyapitia kwa miguu yangu. Nimechukua barua chache, zingine nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe, na majina sikuyaweka kwasababu wengi mliomba hivyo.

Shikamoo mama. Nina miaka 38, ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana huu mwaka wa 9, sijawahi kupoteza hata risiti. Wenzangu wananisukuma nigombee udiwani, lakini shule niliishia njiani, na nikisimama mbele ya watu wengi natetemeka mpaka sauti inakata. Naona bora nisubiri uchaguzi unaofuata nikiwa nimejiandaa vizuri. Nakosea?

Marahaba mwanangu. Nikuulize kwanza, huko kujiandaa unakokusema ni kufanya nini hasa? Manake ukikaa miaka 5 mingine bila kujua unajiandalia nini, utafika kule unatetemeka vilevile, tena umeongeza na umri.

Miaka 9 umeshika vitabu vya hela za watu, umekaa kwenye vikao watu wamegombana mpaka wamenyanyua viti na wewe umeandika muhtasari, umemfuata mtu nyumbani kwake kumkumbusha deni bila kumvunjia heshima. Hiyo ndio kazi ya udiwani, sikutanii. Kusoma bajeti, kuuliza hela imeenda wapi, kuwasikiliza watu waliokasirika. Mi nimekaa baraza moja na watu wenye digrii mbili ambao hawakuwahi hata siku moja kufungua makabrasha ya kikao.

Bibi Titi Mohamed kabla ya siasa alikuwa muimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma, Dar es Salaam. Mwaka 1955 ndio akakabidhiwa kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Lakini kwenye vikundi vile vya ngoma alikuwa anajulikana, wanawake walikuwa wanamsikiliza, na kwenye vikundi vilevile ndiko alikopita kuandikisha wanachama kwa maelfu. Yaani hakuanza upya, alichukua kitu alichokuwa nacho akakipeleka sehemu nyingine. Na wewe unacho.

Sasa mambo ya kufanya. La kwanza kabisa tafuta sheria ya uchaguzi ya kwenu uisome mwenyewe sehemu ya sifa za mgombea, usimuulize mtu anayeitaka hiyo nafasi. Sehemu nyingi kinachotakiwa kwa diwani ni kujua kusoma na kuandika, lakini inatofautiana, kwahiyo ione kwa macho yako. La pili, kama unapita kwenye chama, uliza mapema nani wanapiga kura za mchujo, ni wanachama wote au ni wajumbe tu, na mjumbe anapatikanaje, na kadi yako imelipiwa mpaka lini. Hapa ndipo wenzetu wengi wanakwama, unamkuta mtu kata nzima inampenda halafu siku ya mchujo anagundua wanaopiga kura ni watu 120 na yeye anawajua 15. Hao 120 inabidi uanze kuwatembelea mwaka mzima kabla, sio wiki moja kabla.

Kutetemeka ni mwili tu. Kwenye kikundi chenu kila kikao omba dakika 3 usimame uongee jambo moja, ukae. Fanya hivyo miezi 6. Mi mpaka leo mikono inatetemeka dakika ya kwanza, naishika meza, ya pili inaisha.

Usisubiri mwanangu.

Habari yako dada. Mimi ni mwanaume na sio kwamba napinga wanawake, nina binti watatu. Ila hizi nafasi za kutengewa wanawake, viti maalum sijui asilimia 30, mimi naona ni kuwadharau. Kama wanaweza si wagombee kama wengine? Aliyebebwa hawezi kuheshimika.

Nzuri kaka, asante kwa kuandika bila matusi, swali lako ndilo lililoletwa na wengi kuliko yote nimeona nilijibu kwa kirefu.

Kwanza tukubaliane kwamba "kugombea kama wengine" maana yake ni kupita kwenye mlango wa kile chumba nilichokisema mwanzo, ambako majina yanapangwa. Angalia hii. New Zealand ndio nchi ya kwanza kuwapa wanawake haki ya kupiga kura uchaguzi wa taifa, mwaka 1893. Haki ya kugombea ubunge wakaipata 1919. Mwanamke wa kwanza kuingia bungeni kule, Elizabeth McCombs, ni mwaka 1933. Hesabu mwenyewe, miaka 40 toka kupiga kura. Finland wao mwaka 1906 wakatoa vyote viwili kwa pamoja, kura na kugombea, na uchaguzi uliofuata tu, 1907, wanawake 19 wakaingia kwenye bunge la watu 200. Je wanawake wa Finland walikuwa na akili zaidi ya wale wa New Zealand? Hapana kaka. Sheria ziliwafungulia mlango kwa namna tofauti, na vyama viliwaweka kwenye orodha.

Na vyama ni wajanja, kwenye nchi ambako viti vinagawiwa kwa kufuata orodha ya chama kuanzia jina la juu, wakilazimishwa kuweka wanawake wanawaweka mwisho wa orodha, huko ambako hata chama kishinde vipi hafikiwi mtu. Ndio maana Argentina mwaka 1991 walipotunga sheria ya kutaka angalau asilimia 30 ya wagombea wawe wanawake waliongeza sentensi moja ya maana sana, kwamba wawe kwenye nafasi zenye uwezekano wa kushinda. Senegal nao mwaka 2010 wakasema orodha iende mwanaume mwanamke mwanaume mwanamke, na uchaguzi wa 2012 wanawake wakazidi 4 kati ya kila wabunge 10. Brazil kwa upande mwingine walikuwa na sheria ya asilimia 30 ya wagombea tangu miaka ya 90, lakini vyama vikawa vinajaza majina tu bila kuwapa hela wala muda wa redio, kwahiyo mpaka uchaguzi wa 2018 wanawake walioshinda bunge la chini walikuwa 77 kati ya 513. Sheria ipo, mlango umefungwa kwa nyuma.

Hilo la kutokuheshimika nalo limeshapimwa, sio mambo ya kubishana kwenye kahawa tu. India walibadilisha katiba, ikaanza kutumika 1993, kwamba theluthi moja ya viti vya halmashauri za vijiji na theluthi ya wenyeviti wawe wanawake. Sehemu kadhaa vijiji vya kuongozwa na mwanamke vilikuwa vinachaguliwa kama kwa kura ya bahati, leo hiki kesho kile, kwahiyo watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha. Esther Duflo, yule mchumi aliyekuja kupata Nobel 2019, na mwenzake wakaangalia majimbo ya West Bengal na Rajasthan wakakuta vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliweka nguvu zaidi kwenye maji ya kunywa, kwasababu kule maji ndicho kitu ambacho wanawake walikuwa wanakilalamikia zaidi. Halafu utafiti mwingine wa West Bengal ukaonyesha kitu kinachonigusa sana, kwamba watu waliowahi kuongozwa na mwanamke, dharau yao juu ya uwezo wa mwanamke ilipungua, na baadae kwenye viti visivyotengwa kabisa wakawa wanawachagua wanawake zaidi. Na kwa wazazi kule, tofauti kati ya makubwa waliyokuwa wanawatakia watoto wa kiume na waliyokuwa wanawatakia mabinti zao ikapungua. Wewe una mabinti watatu, nakuomba hilo ulifikirie vizuri.

Rwanda katiba yao ya 2003 inasema wanawake wasipungue asilimia 30 kwenye vyombo vya maamuzi, na bungeni viti 24 kati ya 80 vimetengwa. Sasa kama ni kubebwa tu wangebaki 24, si ndio? Mwaka 2008 walifika 45, 2013 wakafika 51. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, mwaka 2010 akaenda kugombea jimbo la Makunduchi akashinda, 2015 makamu wa rais, na Machi 2021 akaapishwa kuwa rais. Ukipenda siasa zake au usipopenda hiyo ni habari nyingine, mimi naongelea ngazi aliyopandia.

Ila kaka kuna sehemu uko sahihi na sitaki kuificha. Pale ambapo viti maalum vinagawiwa na wakubwa wa chama, mwanamke anajua mkate wake unatoka kwa nani, kwahiyo anawaogopa wakubwa kuliko wananchi, na akibishana kidogo tu orodha ijayo hayumo. Tena wapo waliokaa humo miaka na miaka kama ni chumba cha kudumu, wasichana wa chini yao hawapati nafasi. Mimi ningependa kiti cha kutengewa kiwe na ukomo, kipindi kimoja au viwili mtu ajifunze kazi, ajulikane, halafu aende jimboni amuachie mwingine. Na wakati huohuo sheria za uteuzi kwenye viti vya kawaida zirekebishwe, kwasababu ngazi bila mlango juu yake unapanda kwenda wapi?

Kenya ni mfano wa kuumiza. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa, wana na viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti, lakini sheria ya kuitekeleza ile theluthi bungeni ilipigwa danadana mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje bunge, na halikuvunjwa. Pamoja na hayo angalia magavana wanawake, hakuna hata kiti kimoja kilichotengwa pale: 2013 sifuri, 2017 watatu, 2022 saba. Watu wakizoea kumuona mwanamke kwenye majukwaa wanamchagua.

Mama shikamoo, mimi ni mume. Mke wangu amechukua fomu na nilimruhusu mwenyewe, lakini tangu aanze kampeni ndugu zangu wananiambia nimekaliwa, anarudi usiku, watoto wananiuliza mama yuko wapi, na mimi nimechoka. Nimsaidieje bila nyumba yangu kuharibika?

Marahaba baba. Nimefurahi kwamba umeuliza umsaidieje, haukuuliza umzuieje.

Neno moja tu nakurekebisha kwa upendo, hilo la "nilimruhusu". Sema mlikubaliana. Kwasababu ndugu wakisikia ruhusa wanajua kuna mtu wa kumshinikiza aiondoe, wakisikia mmekubaliana wanajua wanaongea na watu wawili. Na uliseme wewe, mbele yao, yeye akiwepo. Mke akijitetea kwa wakwe anaonekana jeuri, wewe ukisema mara moja kwa utulivu yanaisha au angalau yanapungua.

Kuhusu usiku, ratiba ya siasa imepangwa na watu ambao nyumbani kuna mtu mwingine anapika. Vikao vinaanza saa 2 usiku kana kwamba mchana hakuna. Mwambie mkeo aombe vikao vya timu yake viwe mchana au jioni mapema, timu ni yake anaweza kuipangia, na vile vya chama ambavyo hana uwezo navyo basi awe na mtu wa kumrudisha, ikiwezekana mwanamke mwenzake na dereva mnayemfahamu. Sio kwa ajili ya wivu bali kwa usalama na kwa ajili ya maneno, kwasababu wapinzani wa mwanamke kitu cha kwanza wanachokitafuta ni alikuwa na nani saa ngapi. Mwanaume haulizwi hivyo, inaniuma kuiandika lakini ndio hali.

Watoto waambieni ukweli mpaka tarehe, uchaguzi ni siku fulani, baada ya hapo mama atakuwa anarudi saa fulani. Mtoto akijua mwisho uko wapi anavumilia. Na wewe jifunze kufanya yale ambayo ulikuwa unamsubiri, sio kama msaada, kama mzazi. Benazir Bhutto alijifungua mwaka 1990 akiwa waziri mkuu wa Pakistan, Jacinda Ardern akajifungua 2018 akiwa waziri mkuu wa New Zealand, nchi hazikuanguka, na wote wawili nyuma yao kulikuwa na watu wanaoshika mtoto. Kila mwanaume kiongozi unayemjua naye kuna mtu anamshikia mtoto, ila hatumuandiki.

Na pumzika baba. Kuchoka sio dhambi, mwambieni ndugu mmoja anayewapenda awape siku moja kwa wiki.

Dada mimi nimeshachaguliwa, ni diwani mwaka wa 2. Tatizo langu nikitoa hoja kikaoni inapita kama upepo, dakika 10 baadae mwanaume anaisema ileile anapigiwa makofi. Na mtandaoni kuna akaunti feki wananitukana matusi ya nguoni, juzi wametengeneza picha ya uchi wakaweka sura yangu. Nafikiria nijiuzulu.

Pole sana mdogo wangu. Pole kutoka moyoni, barua yako nimeisoma mara tatu.

Naanza na la picha. Usijibu chochote kule, usibishane na akaunti isiyo na jina. Piga skrinishoti ya kila kitu, na jina la akaunti, tarehe, saa na linki, hifadhi sehemu mbili, na mpe mtu mmoja unayemuamini azitunze na ndio awe anaangalia hizo komenti badala yako. Wewe usizisome, kweli, sio lazima uzisome. Halafu ripoti polisi kwa maandishi ukiwa na mwanasheria au hata diwani mwenzako, upewe namba ya jalada, na uripoti kwa mtandao wenyewe. Picha za kutengeneza ni kosa kwenye nchi nyingi sasa. Kisha toa tamko fupi la mistari 3, kwamba picha ni ya kughushi, umeripoti, unaendelea na kazi. Basi, usiongeze la nne.

Ujue pia sio wewe, maana wanachotaka ujione umekosea mahali. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani uliongea na wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39 na zaidi ya 8 kati ya 10 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia, matusi, vitisho, picha za aibu. Bolivia diwani anaitwa Juana Quispe alizuiliwa kuingia vikaoni, akasumbuliwa, na Machi 2012 akauawa, na mwezi Mei mwaka huohuo nchi ikapitisha sheria maalum dhidi ya unyanyasaji wa wanawake kwenye siasa. Sikutishi. Nakuambia ili hata wakikuambia "ndio siasa, vumilia" ujue sio siasa, ni ukatili, na kuna watu wamepigania uitwe kwa jina lake. Ukipata tishio la kuuawa au la kubakwa usikae nalo hata saa moja, na usitembee peke yako.

Kujiuzulu ni uamuzi wako na sitakulaumu. Ninachokuomba ni usiamue wiki hii.

Sasa la hoja kuibiwa, hili nina dawa yake na nimeitumia. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikubaliana kwamba mmoja wao akisema jambo la maana, mwingine anairudia palepale na kumtaja jina mwenye hoja. Sisi barazani tulikuwa wanawake 4, tukaanza kufanya hivyo: "Mheshimiwa mwenyekiti naunga mkono hoja ya mheshimiwa fulani aliyoitoa sasa hivi ya kisima." Ukishaitwa jina na ikaandikwa kwenye muhtasari, mtu akija kuirudia baadae anaonekana mwenyewe. Kama uko mwanamke peke yako kikaoni tafuta mwanaume mmoja muungwana, wapo, mimi nilikuwa na mzee mmoja alikuwa ananifanyia hivyo bila hata kumuomba. Njia nyingine ni kuleta hoja kwa maandishi kabla ya kikao iingie kwenye ajenda na jina lako juu. Na zisome kanuni za baraza mpaka uzijue kwa namba! Ukiweza kusimama kuomba utaratibu ukataja kanuni namba fulani kifungu fulani, ukumbi mzima unanyamaza, kwasababu wengi wao hawajazisoma.

Wanawake hawapendani ndio maana hawachaguani. Mngependana nchi zote zingeongozwa na nyie maana ni wengi kuliko sisi.

Hii imekuja kwenye barua 5 tofauti, naijibu kwa ufupi. Wanaume nao hawapendani, wanapigana vijembe kila siku kwenye siasa na hakuna anayesema wanaume hawachaguani. Mpiga kura anamchagua aliyewekwa mbele yake, na wabunge wanawake duniani leo ni kama 27 kati ya kila 100, mwaka 1995 walikuwa kama 11. Kwahiyo wanawake wengi wanapofika kwenye karatasi ya kura wanakuta wanaume watupu, wampe nani?

Na wakiamua kukaa pamoja huwa inaonekana. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, kama 9 kati ya 10, waliacha kazi za ofisini na za nyumbani siku nzima, viwanda na shule vikafungwa, wanaume wakaenda kazini na watoto. Miaka 5 baadae, 1980, Vigdís Finnbogadóttir, mama aliyeachika akilea mtoto peke yake, akachaguliwa na wananchi kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa urais kwa kura za watu moja kwa moja, akakaa miaka 16.

Shikamoo bibi, mimi ni mwanafunzi nina miaka 16. Nilitaka kugombea ukiranja mkuu mwalimu akaniambia wasichana wanagombea umakamu. Nifanyeje?

Marahaba mjukuu wangu mzuri. Nenda na wenzako wawili kwa mwalimu huyohuyo, kwa adabu, umuombe akuonyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi. Kama imeandikwa, andikeni barua kwa mkuu wa shule kuomba ibadilishwe, mkusanye sahihi, za wavulana pia. Kama haijaandikwa, jaza fomu ya ukiranja mkuu. Usikubali umakamu wa kupewa kabla hata hujaomba kiti chenyewe, huo mchezo ukiuzoea ukiwa na miaka 16 utaufuata mpaka uzeeni, mimi nimeuona kwa watu wazima, kila kamati mwenyekiti mwanaume, makamu mama, na mama ndiye anayefanya kazi. Uniandikie matokeo, nayasubiri.

Mama mimi niligombea mwaka jana nikashindwa kwenye mchujo kwa kura 11. Nilikopa, nimebaki na madeni, waliokuwa wananiita mheshimiwa hawapokei simu. Naona aibu hata kwenda kwenye mikutano. Sijui kama nirudi.

Mwanangu, kura 11 ni watu wanaoenea kwenye chumba kimoja. Najua kwa sasa hiyo inauma zaidi kuliko kupata kura 2, kwasababu unaikumbuka kila nyumba ambayo hukufika.

Anza na madeni kabla ya siasa. Orodhesha unadaiwa na nani na kiasi gani, nenda kwa kila mmoja wewe mwenyewe kabla hajakufuata, mpangie malipo hata madogo. Mgombea anayelipa deni la uchaguzi alioshindwa, hiyo habari inazunguka kata nzima bila kuitangaza. Na safari ijayo usikope kwa jina lako peke yako wala usiweke nyumba rehani, hapo nakukataza kabisa. Weka kamati ya fedha ya watu 5, changisheni kidogokidogo kwa watu wengi miezi mingi kabla, kila senti iandikwe. Aliyekuchangia hata nauli ya siku moja atakuja kukupigia kura na kukulindia kura, kwasababu kampeni ni yake pia. Hela ndio sehemu nyingine ya ule mlango, mwanaume anafadhiliwa na marafiki wa biashara na sisi tunauza mali zetu. Brazil niliyoitaja juu, mwaka 2018 mahakama ziliamua asilimia 30 ya fedha za umma za kampeni ziende kwa wagombea wanawake, na uchaguzi wa mwaka huohuo, ule uliowapa viti 77, tayari walikuwa wamepanda kutoka uliotangulia, na 2022 wakafika 91. Bado ni wachache, lakini unaona hela inapoelekezwa kitu kinasogea. Kwenye chama chako uliza kwenye mkutano mkuu, kwa sauti, ruzuku ya chama inawafikia wagombea wanawake kiasi gani. Uliza kila mwaka hata wakikasirika.

Halafu aibu. Ellen Johnson Sirleaf aligombea urais Liberia mwaka 1997 akashindwa vibaya na Charles Taylor. Akarudi 2005, akashinda, Januari 2006 akaapishwa, rais mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa na wananchi. Hapo katikati ni miaka 8, na hakujifungia ndani.

Kwenda kwenye mikutano ni lazima, mwanangu, tena mkutano wa kwanza ndio mgumu, wa pili watu wameshasahau. Kaa mbele. Msalimie aliyekushinda, kwa mkono, na kama kuna kazi ya kata unaiweza jitolee hata kama sifa zitamwendea yeye. Waliokuacha usiwafuatilie, lakini wale waliokupigia kura unao? Majina yao umeyaandika mahali? Kama bado, kaa chini leo na daftari, anza na mtaa wako, nyumba kwa nyumba, andika kila unayemkumbuka na namba yake, halafu kuanzia kesho piga simu 5 kwa siku kuwashukuru, usiombe kitu. Ukimaliza orodha niandikie tena, tutaongea kuhusu wale 11.